Gepu ya plagi, IST yangu ya gesi na kipande cha msumeno cha mjomba

Kama hujawahi kupandisha Kimara saa mbili usiku na gari inayomisi (silinda inakosa kuwaka), nyuma daladala limekuwashia taa full na honi halinyamazi, abiria wako siti ya nyuma ameacha kuchati anakuangalia kwenye kioo, basi shukuru. Mimi nimepanda hivyo karibu wiki tatu. Kwenye tambarare gari inakwenda vizuri tu, ila ikigusa mlima ukaikanyagia inaanza kutetemeka kama mtu mwenye malaria, taa ya cheki injini inakukonyeza, ukiachia pedeli kidogo inatulia kama siyo yenyewe.

Kisa chote kilikuwa gepu ya plagi. Ile nafasi kati ya vyuma viwili vya plagi, hata ncha ya kidole haipiti. Na nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu mwezi huu pekee watu wawili wameniuliza "bro plagi za IST gepu inatakiwa ngapi" na wote walitaka namba moja tu, na namba moja ndiyo iliyoniponza mimi.

Gari yenyewe ni IST ya kawaida kabisa, injini 1NZ, ile 1.5, koili nne (za kupandisha umeme wa plagi), kila plagi na yake. Mwaka jana nikaifunga mfumo wa gesi maana jioni nikitoka kazini napiga teksi mtandao na hesabu ya petroli ilikuwa inanimaliza, unashinda barabarani halafu ukipiga hesabu umemfanyia kazi mwenye sheli. Mtungi ukaingia kwenye buti, swichi ikawekwa karibu na usukani, gari inawaka na petroli ikishapata joto inahamia yenyewe kwenye gesi. Raha mtupu. Ukiondoa ile foleni ya kujaza gesi, hiyo naiacha, ina hadithi yake.

Miezi kama minane ndo mambo yakaanza. Na hapa kuna kitu nilikiona mapema ila sikukitilia maanani: ilikuwa inamisi ikiwa kwenye gesi tu. Nikibonyeza swichi irudi petroli, palepale mlimani, inavuta safi. Sasa akili ya kawaida inakwambia tatizo ni gesi, si ndiyo? Nikarudi kwa waliofunga, wakachomeka laptop, wakacheza na mapu (mpangilio wa gesi kwenye kompyuta yake), wakasema iko poa, nikatoka, nikapanda mlima, duk duk duk.

Fundi wa mtaani kwetu akasema koili. Hakuangalia kitu, alisikiliza tu injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa), kaegemea mlango, akasema "koili hiyo boss, leta elfu arobaini nikutafutie used nzuri." Nikampa. Namlaumu nusu tu, nusu najilaumu mwenyewe, maana nina kale kadude ka OBD ka bluetooth (kanasoma makosa ya injini) ndani ya dashibodi na sikukatumia. Koili ikaja, ikafungwa, siku mbili gari ikawa kama imepona (haikuwa imepona, sikupata mlima wala abiria wanne), siku ya tatu tukarudi palepale. Ndo nikakachomeka, kakaleta kodi ya kosa, P0302. Hiyo maana yake silinda namba 2 inamisi. Nikafanya kitu ambacho kila mtu mwenye gari ya koili nne anatakiwa akifanye kabla hajatoa hata shilingi: nikachukua koili ya namba 2 nikaihamishia namba 3, ya 3 nikaileta 2, nikafuta kodi, nikaenda mlimani. Kama koili ni mbovu, kodi inaifuata koili, inakuwa P0303. Ikarudi P0302. Koili haina kosa. Elfu arobaini imekwenda, ile used nimeibakiza kama spea, haya.

Jumapili asubuhi injini ikiwa ya baridi nikafungua plagi mwenyewe. Si kazi ngumu, kava la plastiki juu, bolti namba 10 kwenye kila koili, unavuta koili taratibu huku unaizungusha, halafu unapuliza upepo kwenye shimo kwanza maana vumbi la Dar lote limelala mle na hutaki lidondoke kwenye silinda. Soketi ya plagi namba 16 yenye mpira ndani. Injini ikiwa ya moto usifungue, kichwa cha injini ni aluminiamu, nyuzi zinakwenda na plagi halafu utalia.

Ya namba 2 nilipoitoa nikaona vitu viwili. Kwanza kwenye ile kaure nyeupe kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama mtoto amechora na penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma. Nikaufuta na kitambaa, haufutiki. Pili gepu yenyewe, kwa macho tu ilikuwa pana. Nikachukua fila geji, yale majani ya chuma yenye namba za unene kwa milimita, 1.1 ikapita inaogelea, 1.2 ikapita, 1.3 ikapita kwa kukwaruza. Nyingine tatu zilikuwa 1.2, 1.25, 1.2. Plagi za nikeli za kawaida, nilizifunga zikiwa 1.1 kama kitabu cha gari kinavyosema, zikatembea zaidi ya kilomita elfu 30, na nyingi ya hizo kwenye gesi.

Sasa tuongee kidogo kuhusu hiyo gepu ni nini, maana hapa ndo pana utamu.

Plagi kazi yake ni kurusha cheche kutoka kile kichuma cha katikati kwenda kile kilichopinda pembeni. Hapo katikati hakuna waya, ni hewa na mafuta. Umeme unaruka. Chukulia ni mtu anaruka mtaro: mtaro ukiwa mwembamba anaruka hata akiwa amechoka, ukiwa mpana lazima achukue mbio. Zile mbio ndo volti. Koili inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi maelfu, na inapandisha kadiri inavyohitajika tu, yaani volti zinapanda, zinapanda, zikifika kiwango cha kuruka zinaruka na hapo zinaishia. Gepu ikiwa 0.8 zitaruka mapema, ikiwa 1.3 zitachelewa na kupanda zaidi. Na koili ina mwisho wake. Ikifika mwisho kabla ya kuruka, basi hakuna cheche, silinda imekula hewa na gesi na kuvitema vilevile, ndiyo misi yenyewe.

Au mbaya zaidi, umeme unatafuta njia nyingine. Kwa nini uruke mtaro mpana wakati pembeni kuna daraja? Unapita nje ya kaure, chini ya ule mpira wa koili, unaingia kwenye chuma cha injini. Ule mstari wa penseli ndo njia yake. Na ukishachorwa haufutiki, umeme utapita hapo hapo hata ukirekebisha gepu, kwa hiyo plagi yenye mstari tupa, na mpira wa koili yake ukague ndani kama haujaungua.

Swali linabaki, kwa nini mlimani tu? Hapa kuna Mjerumani mmoja, Paschen, mwaka 1889 alionyesha kwamba volti za kuruka hazitegemei upana peke yake, zinategemea upana mara presha ya hewa iliyopo katikati. Hewa ikibanwa, cheche inapata taabu. Ukiwa sailensa kipepeo cha hewa kimefungwa, silinda inavuta hewa kiduchu, hata ikibanwa presha siyo kubwa. Ukikanyagia mlimani kipepeo kinafunguka chote, silinda inajaa, na 1NZ inabana kama mara kumi na nusu, kwa hiyo presha pale kwenye plagi ni kubwa kweli. Mtaro uleule lakini sasa unauruka na gunia la mkaa mgongoni. Ndo maana yule fundi kusikiliza sailensa hakukumsaidia kitu, gari ya gepu kubwa sailensa inakuwa tamu tu.

Halafu juu ya hapo weka gesi. Gesi yetu hii inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani, na methani ni mbishi kuwaka. Sifa ileile inayoifanya isigonge injini, oktani yake inapita 120, ndiyo hiyo hiyo inayofanya iwe ngumu kuiwasha. Kwenye gesi cheche inadai volti nyingi kuliko petroli, gepu ileile, mlima uleule. Ndiyo siri ya kwa nini nikirudisha swichi kwenye petroli ilikuwa inavuta safi: kwenye petroli koili ilikuwa bado inafika, kwenye gesi haifiki. Wale jamaa wa laptop walikuwa sahihi kwamba mfumo wao uko poa. Ila walipofunga hakuna aliyeniambia badilisha plagi au punguza gepu, na hilo nawadai mpaka leo.

Nikaenda kununua mpya. Hapa nieleze kusoma boksi maana muuzaji hatakuambia. Kwa IST utapewa Denso K16R-U11 au NGK BKR5E-11 au ndugu zake. Ile 11 ya mwisho ndo gepu, maana yake 1.1. Ukikuta 13 ni 1.3. Ukikuta haina namba mwishoni basi mara nyingi ni 0.8 hivi. Ile 16 ya Denso na 5 ya NGK siyo ukubwa wala ubora, ni joto la plagi, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, na 16 ya Denso inakaa sawa na 5 ya NGK, kwa hiyo usije ukashangaa mtu anakwambia "chukua hii ya 16 ni kubwa kuliko ya 5". Nimeambiwa hivyo. Na mtu mzima.

Nikamuuliza muuzaji gepu, akajibu lile jibu la nchi nzima: "zimeshasetiwa kiwandani hizo kaka, wewe funga tu." Nikazipima palepale kaunta, na akanuna. 1.1, 1.1, 1.0, 0.85. Nne za boksi moja! Ile ya 0.85 yawezekana ilidondoka njiani ikagonga kichuma chake, au boksi zima lilikuwa feki, maandishi ya kwenye kaure yalikuwa yanafifia nikikwangua na ukucha. Nikarudisha, nikaenda duka jingine, nikapata zilizokuwa 1.1 zote nne, nikalipa zaidi na roho ikatulia.

Nikazifunga hivyohivyo na 1.1 yake. Kitabu kinasema 1.1, boksi linasema 1.1, mimi ni nani?

Ikawa nafuu. Nafuu lakini siyo nzima. Nikiwa peke yangu mlima inapanda bila neno, nikiwa na abiria wanne na mizigo yao ya Kariakoo inamisi mara moja moja, tap, kimya, tap. Na kodi safari hii P0300, yaani silinda yoyote tu, leo huyu kesho yule. Sasa hapo koili zote nne ziko pabaya, zinafika kwa kubahatisha.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Morogoro, msiba wa jirani wa mama. Huko nina mjomba, fundi wa zamani sana, alianza na Land Rover na Peugeot 504 enzi za pointi (swichi ya zamani ya umeme wa plagi), siku hizi anatengeneza bodaboda zaidi maana macho yamechoka. Sisi vijana wa ukoo tulikuwa tunamcheka kwa kitu kimoja: hana fila geji. Ana kipande cha msumeno wa chuma, urefu wa kidole, meno yameshasagwa, kimepigwa mafuta na kufungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo la Blue Band. Hicho ndicho kipimo chake cha plagi tangu sijazaliwa. Plagi yoyote, gari yoyote. Mimi ndo nilikuwa kinara wa kucheka, na mafila geji yangu ya kuagiza mtandaoni.

Nikamwamkia, tukakaa nje kwake na chai, nikamweleza gari inamisi kwenye gesi. Hakuuliza koili. Akauliza, "plagi umeweka ngapi mjomba?" Nikamwambia 1.1. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema 1.1 ni nafasi ya kupitisha ng'ombe. Akatuma mtoto akalete kopo.

Nilikuwa na venia (kipimo cha unene) kwenye boksi la spana, nikakipima kile kipande cha msumeno: 0.64. Na hapo nikaelewa kitu. Zile gari zake za pointi, koili moja tu inahudumia silinda zote kupitia distribyuta, umeme mdogo, gepu zao nyingi zilikuwa kati ya 0.6 na 0.8. Msumeno ulikuwa kipimo sahihi kabisa kwa gari za wakati wake. Ulikuja kuwa kichekesho tulipoanza kuleta Toyota za koili za kielektroniki zenye 1.1, ukizibana hadi 0.64 zinakunywa mafuta na sailensa inakuwa ya kusitasita. Ila mzee naye hakuwa mjinga wa kukaa palepale. Akachomoa karatasi kwenye daftari la mjukuu wake, akaichana kipande, akaikunja mara moja, akaiweka juu ya msumeno. "Hii ya gari za kompyuta." Nikapima vyote pamoja, msumeno na karatasi mbili: 0.79.

Sikusema kitu, nikanywa chai.

Tukazifungua zote nne palepale kwake. Alivyokuwa anazibana ni jambo la kuangalia: anashika plagi kichwa chini, anagonga kile kichuma cha pembeni kwenye ubao wa mti, tik, moja, anapitisha msumeno na karatasi, bado unalegea, tik, anapitisha tena, hadi ukawa unapita huku karatasi inasikika inakwaruza. Hagongi kwenye chuma wala jiwe. Na hagusi kabisa kile cha katikati, alinipiga kibao cha mkono nilipotaka kukitegemezea bisibisi, akasema ukikigusa kile kaure inapata ufa huuoni, utakuja kuuona barabarani.

Nikarudi Dar na 0.8. Mikese, Chalinze, Mlandizi kwenye gesi yote, kanyaga upendavyo. Na Kimara siku ya pili yake, wanne ndani, mizigo, AC imewashwa. Kimya. Nikapunguza redio nisikie vizuri. Kimya kabisa, aisee nilitaka kumpigia mjomba usiku uleule.

Kwa kuwa mimi sijui kutulia, nikajaribu kushuka zaidi, nikaweka 0.7. Kwenye gesi ilikuwa sawasawa na 0.8, sikuona tofauti mlimani. Ila asubuhi ikiwaka na petroli, injini baridi, sailensa ikawa inayumba kidogo kwa dakika ya kwanza hivi, na kwenye taa nyekundu nilikuwa nasikia kamtikisiko kwenye usukani. Maana gepu ndogo nayo ina gharama yake. Cheche inakuwa fupi, kale kamoto ka mwanzo kanazaliwa kadogo halafu kamebanwa kati ya vyuma viwili vya baridi vinavyokaibia joto, mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi au umechanganyika vibaya kanaweza kufa kabla hakajasambaa. Ndiyo sababu watengenezaji walikuwa wanapanua gepu kila walipopata koili kali zaidi. Wamarekani pale General Motors katikati ya miaka ya 1970 walipotoa mfumo wao wa kielektroniki walinogewa hadi wakaweka inchi 0.060, hiyo ni kama 1.5, kwa ajili ya kuchoma mchanganyiko mwepesi na kupunguza moshi. Kwa hiyo 1.1 ya Toyota haikuwekwa kwa kubahatisha, ni nzuri sana, kwa petroli. Mimi nachoma kitu kingine.

Nikarudisha 0.8 na hapo ndo nipo.

Kwa hiyo ukiniuliza gepu ngapi nitakuuliza kwanza unachoma nini. Kama IST yako ni ya petroli tupu, koili zake nzima, weka 1.1 kama boksi linavyosema na usisikilize mtu, wala usije kuzibana kwa sababu umesoma kwangu. Kama umefunga gesi anzia 0.8, na ukiweza nunua moja kwa moja zile zisizo na 11 mwishoni uanzie karibu na hapo, ni bora kuliko kupinda nyingi. Kama ni turbo, hizi Forester na Impreza za vijana, zenyewe plagi zake zinakuja na 0.7 au 0.8 kwa sababu ileile ya presha, usiweke za 1.1 kwa kuwa eti zinaingia, nyuzi kuingia si kigezo. Jamaa yangu mmoja aliweka, gari ikawa inakata kila turbo ikishika, akabadilisha pampu ya mafuta bure.

Iridiamu je? Nimeulizwa sana. Ni nzuri na kwa gesi ni nzuri zaidi, kile kichuma cha katikati ni chembamba sana, kwa Denso zile Iridium Power ni milimita 0.4, na umeme unapenda kuruka kutoka kwenye ncha kali kwa hiyo unadai volti kidogo. Ila mambo mawili. Moja, siyo kila iridiamu inakaa kilomita laki moja, zinazokaa hivyo ni zile za maisha marefu ambazo kichuma cha pembeni nacho kina platinamu, hizi nyingine zinachakaa kama za kawaida tu kwa bei ya mara kadhaa. Pili, kancha kale kanavunjika kwa kuangalia vibaya. Usiingize ile geji ya mviringo kama sarafu ukaisukuma, usipitishe msasa wala brashi ya waya, ukitaka kubadili gepu shika kichuma cha pembeni peke yake na koleo ndogo na upime na waya mwembamba. Na ukiona imekuja karibu na unachotaka iache hivyohivyo. Mimi bado natumia nikeli kwa sababu napenda kuzifungua fungua, na nikeli inanisamehe.

Kingine kuhusu kupima plagi iliyotumika: jani la fila geji linakudanganya. Ikichakaa kile kichuma cha pembeni kinachimbika kashimo katikati, jani la bapa linalala juu ya kingo za kashimo na kukupa 1.1 wakati cheche inaruka 1.2. Waya wa duara unaingia kwenye shimo. Kwa plagi mpya haina shida, jani tu linatosha, hata msumeno, nimeshanyamaza kuhusu msumeno.

Na kukaza: ingiza kwa mkono mpaka ikae, usianze na spana. Ikishakaa, plagi mpya yenye ringi mpya kaza nusu mzunguko hadi kuzidi nusu kidogo, utasikia ringi inabanika. Iliyokwisha kutumika ringi imeshalala, guso dogo tu linatosha. Vijana wa gereji wanakaza kama nati za tairi halafu kichwa cha aluminiamu kikitoka nyuzi wanakuambia "ilikuwa imeshachoka boss".

Jumamosi iliyopita nimefungua tena, ni kilomita elfu 10 na ushee tangu Morogoro. 0.85, 0.8, 0.85, 0.85. Kaure zote nyeupe safi, maana gesi haiachi masizi kama petroli, hamna mstari wa penseli. Nimezigonga kidogo kwenye ubao zikarudi 0.8, nikafunga. Nikifika elfu 20 natupa zote nne naweka mpya.

Mjomba nilimtumia fila geji nzuri kupitia basi, ya majani mengi, hadi 1.0. Amesema asante, ameiweka kwenye lile kopo, chini ya msumeno.